Nilivyofagia Samaki wa Mke Wangu

Nilifagia nyumba. Hilo ndilo kosa langu, na nalitaja mapema ili anayetaka kunicheka aanze sasa, asingoje. Nilifagia sebule, nikafagia chumba, nikatoka nje nikafagia ua mzima mpaka nyuma ya choo, nikaacha ile mistari ya ufagio wa vijiti inayopendeza macho kama shati lililotoka kupigwa pasi. Tena nilikuwa napiga mluzi. Na saa ileile mke wangu alikuwa juu ya maji ya ziwa Nakivale, amewapakia mabwana wawili wa Mbarara mtumbwini, anawatafutia samaki.

Mtu asiyezaliwa kando ya ziwa hataona kosa liko wapi. Mimi mwenyewe nimezaliwa milimani, na samaki wa kwanza niliyemfahamu vizuri alikuwa ndani ya kopo. Lakini mke wangu ni mtoto wa ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, na kwao mvuvi akishaingia majini, aliyebaki nyumbani hagusi ufagio. Ukifagia unafagia na samaki. Wanaondoka mbele ya ndoano wanakwenda huko takataka zinakokwenda. Tena hutoi moto wala chumvi nje ya nyumba, hugombani na mtu, mpaka mtumbwi urudi. Sheria hizo zilitungwa kwa ajili ya wake wa wavuvi. Waliozitunga hawakuwaza hata siku moja kwamba itatokea nyumba ambayo mke yuko ziwani na mume ndiye aliyebaki na ufagio.

Nyumba hiyo ilikuwa yangu.

Niseme wazi nilivyo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Pale Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, kuna watu waliozunguka kila kona: wengine Rugaaga kulima vibarua kwa wenyeji, wengine Mbarara kuuza maharage, wengine Kampala kutafuta kitu ambacho hata wao hawakukijua. Mimi nilipata cherehani kuukuu, nikaiweka mlangoni penye mwanga, nikakaa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na faida niliyotoka nayo huko ni kuwaandikia watu barua zenye salamu ndefu, na kueleza kwa maneno mazuri kwa nini mimi sitoki. Maji niliyapenda yakiwa ndani ya ndoo. Mke wangu alisema hata mvua ikianza, mimi huingiza cherehani ndani kwanza, ndipo nakumbuka kwamba watoto wako nje.

Yeye alikuwa mtu wa namna nyingine. Baba yake alikuwa mvuvi aliyepata mabinti watupu, akachoka kungoja wa kiume, akamchukua huyu mkubwa akampa kasia. Watu wa kijiji walisema sana. Samaki walipofika ufuoni walinyamaza, wakanunua. Kisha vita ikatutoa kule sote. Tulipofika Kabazana kuandikishwa ukimbizi, karani akawa anamwuliza kila mtu kazi aliyokuwa akifanya kwao. Nilipoulizwa mimi nilisema mshonaji. Alipoulizwa yeye nilijibu mimi, upesi, kama mwanafunzi anayetaka kumfurahisha mwalimu: "Huyu ni wa nyumbani." Karani akaandika. Mke wangu alinitazama tu. Na kwa miaka iliyofuata, kila tulipoitoa ile karatasi siku ya mgao wa chakula, niliona macho yake yakiliruka lile neno kama mtu anavyoruka dimbwi.

Sasa, mjini Mbarara kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyekuwa akiniuzia nyuzi, vifungo na zipu. Sisi tulimwita Haji. Juu ya rafu zake za vitambaa alikuwa ametundika fimbo ya kuvulia, ile yenye kigurudumu cha kukunjia uzi, aliyoletewa na ndugu yake kutoka nje. Siku moja nilikwenda dukani kwake pamoja na mke wangu, tukitokea Nyamitanga kumwona mgonjwa. Mimi nikawa nachagua zipu. Yeye akawa anaitazama ile fimbo kama wengine wanavyotazama kitenge kipya.

"Haji, hii unavua nayo nini?"

"Samaki, mama. Mimi na rafiki yangu huyu." Akamwonyesha mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda anakunywa chai, mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Afande. "Kila mwezi tunakuja kule kwenu Nakivale. Si biashara, hapana. Starehe tu. Wengine wanapenda mpira, sisi tunapenda samaki akivuta kamba."

"Na anavuta?"

Haji akakohoa. "Bado kidogo."

Mke wangu alinyoosha mkono, akaigeuza ndoano kwenye mwanga. "Hii ni ya kuvua ng'ombe," akasema.

Nilitamani kuingia chini ya vitambaa. Lakini Haji alicheka mpaka akaweka mkasi chini, na Afande akamwaga chai. Wakaanza kumwuliza maswali, naye akawajibu: kina cha maji, upepo, kambale anakula nini mvua ikikaribia. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mfululizo bila kunigombeza ndani yake. Mwisho Haji akasema kwamba amechoka na wale vijana wa mwaloni, pale mitumbwi inapofungwa, ambao huwazungusha ziwani saa mbili na kisha kusinzia. Alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kudumu, wa kuwapeleka kila mwezi.

"Tutoke na wewe mara mbili, mama," akasema. "Tukipata samaki wa maana, kazi ni yako. Tukirudi mikono mitupu mara zote mbili, usinikasirikie. Nitatafuta mwanaume."

Njia nzima ya kurudi mke wangu alikuwa anasugua viganja vyake polepole, kimoja juu ya kingine, pale kasia linapokaa. Nilijua anaitaka kazi ile kuliko alivyotaka kitu chochote tangu tuvuke mpaka. Nilijua pia kwamba habari itafika mwaloni kabla yetu, na ilifika. Wanaume pale walikuwa na msimamo mmoja: mwanamke akiingia mtumbwini samaki wanainama chini kwa aibu. Mmoja aliniuliza kama mimi nitabaki kunyonyesha.

Jumamosi ya kwanza aliondoka alfajiri. Kabla ya kutoka alinisimamisha katikati ya sebule.

"Papa, unisikilize muzuri. Hapana kufagia. Hapana kupa mutu moto ao chumvi. Hapana kugombana na mutu, hata na kuku. Mpaka nirudi."

"Na kushona je?"

Alifikiri. Hilo baba yake hakumfundisha. "Shona. Lakini usikate uzi na meno."

"Na wewe unaamini haya?"

"Mimi siamini sana," akasema. "Lakini baba alikuwa anaamini, na baba alikuwa anarudi na samaki."

Nilishika amri zote mpaka kama saa nne. Nilishona suruali moja, nikakata uzi kwa mkasi kama mtu aliyestaarabika. Kisha mbuzi wa mtu akapita uani, akaacha alichoacha, akaenda zake. Nikajiambia nitaondoa hicho tu. Nilipokuwa nao ufagio mkononi, nikaona majani kidogo kando yake. Karibu na majani kulikuwa na maganda ya njugu. Mwenye tabia yangu atanielewa: ufagio ukishaanza haujui pa kusimama. Nilipofika nyuma ya choo ndipo niliposikia sauti ya jirani yetu.

Jirani huyu alikuwa mama mjane kutoka kwetu Kivu, mwenye shamba dogo la mahindi ubavuni mwa ua wetu na macho yasiyolala. Aliniita shemeji tangu siku ya kwanza, na sikuwahi kujua kama ni kwa heshima.

"Shemeji, bibi yako iko mu mayi?"

"Iko."

"Na weye unafagia?"

"Ni mavi ya mbuzi tu, mama."

"Mavi ya mbuzi mpaka nyuma ya choo?"

Na hapo ndipo nilipofanya jambo baya hata kuliko kosa la kwanza. Nilikwenda kwenye lundo la takataka, nikazijaza katika beseni, nikarudi kuzitawanya uani. Majani nikayarudisha yalikokuwa, kwa kadiri nilivyokumbuka. Maganda ya njugu nikayapanga karibu na mlango. Mistari ya ufagio nikaifuta kwa mguu, nikirudi nyumanyuma kama kaa. Jirani alisimama katikati ya mahindi yake, jembe begani, akatazama kazi yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mbuzi peke yake ndiye niliyeshindwa kumrudisha.

Walirudi jioni mikono mitupu. Hawakupata hata kisamaki kidogo cha kumpa paka. Mke wangu aliingia uani, akaweka kasia ukutani, akatazama chini. Nilikuwa mlangoni, nashona kitu kisichohitaji kushonwa.

"Maganda ya njugu yamefanya nini hapa?" akauliza.

Kabla sijafungua kinywa, jibu lilitoka mahindini: "Amefagia! Nimemuona na macho yangu. Kisha akamwanga uchafu tena, eti samaki barudi!"

Nilingoja kugombezwa. Hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi, akavua kandambili zake zilizolowa. Akasema siku nzima walimzungusha wanakotaka wao, na kule alikotaka yeye hawakufika. Mimi nilikuwa nimeshughulika sana na hatia ya ufagio wangu, sikumsikia. Nilirudia kumwambia ni kosa langu. Niliona hata fahari kidogo, nikiri, kwamba mtu aliyekaa nyumbani anaweza kufukuza samaki wa ziwa zima.

"Sawa," akasema mwisho. "Safari ya pili weye utakuja mu mtumbwi. Pale fasi ninakuona."

Nilimwambia siwezi kuogelea. Akasema samaki wanaweza, inatosha. Nilimwambia nina suruali za watu. Akasema suruali hazina haraka, wenyewe wako nazo nyingine. Nilimwambia ninaogopa. Hapo akanitazama tofauti, akasema kwa sauti ndogo: "Na mimi ninaogopa. Hii ni ya mwisho."

Mwezi uliofuata, Jumamosi ya safari ya pili, jirani alikuja alfajiri kabla hatujatoka, akawachukua watoto, akachukua na ufagio wetu bila kuomba, akaenda kuulaza nyumbani kwake.

Mwaloni ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mafunjo. Wanaume wa pale waliponiona nimevaa kofia ya mke wangu na kushika kopo la kutolea maji, waliacha kusuka nyavu. "Leo familia nzima inavuliwa," mmoja akasema. Nikamsalimu vizuri, kwa kuwa kugombana kulikuwa kumekatazwa.

Haji na Afande walifika na gari, na hapo nikaanza kuona kwamba miiko ya mke wangu ilikuwa michache mno. Haji aliingia mtumbwini kwa mguu wa kulia, akateremka, akaingia tena kwa sababu hakuwa na hakika. Alikuwa amevaa kofia ya kufuma iliyokuwa nyeupe zamani. Aliivaa siku aliyopata samaki wake mmoja wa maana, na tangu siku hiyo haikuonja sabuni. Chakula alikifunga ndani ya kitambaa, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa kabla ya samaki wa kwanza. Kila aliporusha ndoano alisema Bismillahi, na ilipotoka tupu alisema pia, kwa sauti ya chini zaidi.

Afande yeye alikuwa na sheria kama kambi ya jeshi. Nyungunyungu wa kwanza anatupwa majini, zawadi. Mluzi marufuku. Kuhesabu marufuku, si samaki tu, hata watu waliomo. Nilipotaka kujua kama mtumbwi utatubeba wote wanne, alinikata kwa mkono: "Wewe fundi, hapana hesabu watu! Maji iko nasikia." Yule mnyama mnene anayeishi majini na kutoka usiku kula mahindi ya watu hatajwi jina, anaitwa Mkubwa. Na sheria iliyokuwa juu ya zote: mtu akiwa njiani kwenda kuvua haulizwi anakwenda wapi, wala hataji mahali. Ukitaja, samaki wanatangulia kuhama.

Mke wangu alitema mate kidogo juu ya ndoano zao, akagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, basi. Mimi pia nilikuwa na dawa yangu, lakini sikuwaambia. Nilikuwa nimeshika ufunguo wa nyumba ndani ya mfuko, nikiubana kila mtumbwi ulipoyumba.

Tukaondoka. Yeye anapiga kasia, mimi natoa maji kwa kopo, kwa sababu mtumbwi ule ulikuwa wa kuazima na ulivuja kama mtu mwenye siri. Haji alikuwa anaonyesha njia kwa kidevu. Kidevu kilielekea kulia, tukaenda kulia, pale alipopatia yule samaki wake miaka mingi nyuma. Tukakaa. Hakuna. Afande naye akawa na kidevu chake, kikatupeleka karibu na mti mkavu uliosimama majini, kwa sababu aliuota ndotoni. Tukakaa. Hakuna.

Mara mke wangu aliinua kasia, akanyoosha shingo upande wa juu wa ziwa. "Haji, mimi naona tuende kule kwa—"

"Mama! Hapana taja!" Afande akaweka kidole mdomoni.

"Lakini kule—"

"Mama, tafadhali," Haji akasema, amefumba macho. "Leo ni siku ya mwisho. Usituharibie."

Mke wangu akashusha kasia. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikaona mabega yake tu. Ndipo ikaniingia kidogokidogo, polepole kama yale maji yalivyokuwa yakiingia mtumbwini, kwamba siku ile ya kwanza nayo ilikwenda hivihivi. Mabwana hawa walimchukua mtu anayejua ziwa ili awaonyeshe mahali, kisha wakamkataza kutaja mahali. Wakati huo mimi nilikuwa nyumbani nikipanga maganda ya njugu.

Ningependa kusema kwamba baada ya kuligundua hilo nilisimama, nikamtetea mke wangu kwa hotuba fupi. Sikusimama. Mtumbwini mtu hasimami, na mimi hata kukaa nilikuwa nashindwa. Niliendelea kutoa maji.

Kufika saa sita jua lilikuwa limetukalia vichwani. Chakula cha Haji kilinukia pilau ndani ya kitambaa chake, marufuku. Afande alikuwa amebadilisha mkono, amebadilisha nyungunyungu, amegeuza shati ndani nje. Kitu kikafoka majini upande wangu, yakatokea masikio mawili madogo na macho mawili yasiyo na huruma. Nilifungua kinywa nitaje jina lake lote, lakini mke wangu alinikanyaga vidole kwa kisigino, jina likarudi tumboni. Masikio yakazama. Hatukujua yamezama kuelekea wapi. Haji akaelekeza kidevu mbali na ufuo, katikati kabisa ya ziwa, kwenye maji mapana yasiyo na mwisho. Mtumbwi ukaanza kugeuka huko.

Nilitazama nyuma. Ufuo ulikuwa mwembamba kama uzi. Nikaubana ufunguo mpaka ukaniumiza. Na sauti ikatoka, yangu, kubwa, ya mtu anayeita msaada:

"Lakini jamani, tunaenda wapi?"

Afande aligeuka polepole. Haji aliivua ile kofia yake, akaiweka juu ya goti kama mtu aliyefika matangani.

"Kwisha," Afande akasema. "Siku imekufa. Fundi ameua siku."

"Nilikuwa nataka tu kujua..."

"Ameuliza! Katikati ya maji! Ameuliza!" Akaanza kukunja uzi wake, kigurudumu kikilia. "Turudi nyumbani. Hapana samaki hapa tena mpaka mwezi kesho."

Sikuthubutu kumtazama mke wangu. Nilijua nimemaliza. Mara ya kwanza nilifagia, mara ya pili niliuliza. Kazi ya mwanamke mzima imepotea kwa ufagio na kwa kinywa cha mume wake. Nikainama kutoa maji ambayo nilikuwa nimeshayatoa.

Lakini mke wangu alilelewa vizuri. Akiulizwa, anajibu.

"Tunaenda bule," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anamwelekeza mgeni kisimani. "Hapa katikati hakuna kitu. Tulipaswa kwenda kule mu mafunjo, fasi mto unaingia. Ile mayi ya Rwizi inatoka Mbarara na uchafu mingi, inaleta chakula. Angalia, mayi inageuka rangi pale. Kambale wanakaa kwa mpaka wa ile rangi, wanangojea kama watu wa mgao. Nimeijua tangu mwezi uliopita."

"Sasa kwa nini hukusema?" Haji akauliza.

"Mulinikataza."

Haji akamtazama Afande. Afande akatazama maji. Nadhani wote wawili waliona kwa wakati mmoja kitu ambacho si rahisi kwa wanaume wawili wenye umri kukiona kisha kukitamka. Afande ndiye aliyepata njia ya kutoka bila aibu.

"Siku imeshaharibika," akasema. "Imeharibika kabisa. Basi, taja tu. Peleka unapotaka."

Mke wangu akatupeleka. Sikujua mtu anaweza kupiga kasia namna ile. Kopo langu lilishindwa kwenda naye. Alitusimamisha kando ya mafunjo yaliyolala, pale maji ya kahawia yalipogusa maji ya kijani, akawaambia wasirushe mbali, washushe tu ubavuni. Haji alisahau Bismillahi, akaikumbuka ndoano ikiwa tayari imezama, akaisema mbiombio kuifuata.

Uzi ukakaza. Kigurudumu kikapiga kelele. Haji naye akapiga kelele, kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ambazo sikuzijua. Mtumbwi ukavutwa mbele wenyewe. Mke wangu alikuwa anamwambia, "Mwache aende. Mwache. Sasa mvute. Haji, si hivyo, si ng'ombe!" naye mtu mzima mwenye duka alikuwa anatii kama mtoto. Walipomwinua, kambale yule alikuwa na kichwa kama jembe na ndevu za mtu mwenye mamlaka. Alinipiga mkia kifuani. Nililala chini ya mtumbwi pamoja naye, nimemkumbatia asiruke, na ndiyo mara pekee maishani mwangu niliyokuwa na faida majini.

Afande alipata wake, tena akapata mwingine. Idadi sitasema, maana bado inakatazwa. Pilau ililiwa kwa mikono yenye utelezi wa kambale. Haji alipompa mke wangu kipande cha kwanza cha nyama, alisema, "Mama, mwezi ujao saa ngapi?" Mke wangu akajibu saa kumi na moja alfajiri, wasichelewe, na ile ndoano kubwa waiache Mbarara. Kisha akatazama pembeni muda mrefu, upande wa mafunjo, na mimi nikajifanya natoa maji.

Mngedhani kwamba mimi nilirudi kwenye cherehani yangu kwa amani. Nilifikiri hivyo pia. Lakini watu wa starehe hii hawaachi kitu kilichofanya kazi. Mwezi uliofuata Afande alifika mwaloni, akaangaza macho, akauliza, "Fundi yuko wapi?" Wakatuma mtu aje kunitoa nyumbani. Ilikuwa imeamuliwa huko Mbarara, bila mimi, kwamba bila mtu wa kuuliza tunaenda wapi samaki hawali. Tena swali liulizwe na mtu yuleyule, kwa sauti ileile ya hofu. Nikifika katikati ya ziwa nilikuwa napewa ishara, nauliza, Afande anasema "Kwisha, siku imekufa" kwa furaha kubwa, na mke wangu anataja mahali. Wakati mwingine walinitaka nirudie: "Fundi, leo hukuogopa vizuri. Uliza tena." Hofu haikuwa tatizo. Nilikuwa nayo ya kutosha kila mwezi.

Mambo haya yakanizoea, nami nikaanza kuyazoea, halafu nikaanza kujisifu. Jioni moja nilikuwa nimekaa mlangoni, kambale wawili wamening'inia kwenye kamba, nikimweleza jirani aliyekuja kuazima kisu. Nilimweleza kwa urefu. Nilimwambia wengine wana nguvu za mikono, wengine wana akili ya nyavu, mimi nina neno. Nilimwambia kwamba mabwana wa Mbarara hawatoki bila mimi, kwamba hata Afande, mtu wa bunduki, hunisubiri nifungue kinywa. Mke wangu alikuwa ndani anapika, akicheka peke yake.

Jirani alinisikiliza mpaka mwisho. Akajaribu makali ya kisu kwa kidole gumba, akamtazama kambale mmoja, kisha mwingine, kisha mimi.

"Shemeji," akasema, "bibi yako alikuwa anajua fasi ya samaki tangu zamani. Ilikuwa inangojea tu mujinga mumoja aulize."